Mtoto Asomeshwe Maji Kabla ya Ubao

Wazazi wanaofika Watamu, pwani ya Kenya, na watoto wao huniuliza swali lile lile: mtoto aanze padelibodi akiwa na miaka mingapi? Nami huwauliza langu kwanza: leo mwezi ngapi? Simaanishi Agosti au Desemba, namaanisha mwezi wa angani, ule unaohesabiwa tangu uandame. Katika mkono wa bahari wa Mida, mtoto wa miaka 6 anaweza kujifunza kwa raha asubuhi ya mwezi tisa, na kijana wa miaka 15 aliyeuzoea ubao akapelekwa na mkondo asubuhi ya mwezi kumi na sita. Umri una maana yake, nitaufikia. Ila mtoto haendi kwenye ubao, anakwenda majini, na maji ya pwani yetu hayako vile vile siku mbili mfululizo.

Kwa ambaye hajauona, padelibodi ni ubao mpana wa kuelea, urefu wake mita 3 na kidogo ukiwa wa mtu mzima, na mtu husimama juu yake akipiga kafi refu. Mchezo huu una mizizi Hawaii. Katikati ya karne iliyopita baadhi ya walimu wa kuteleza mawimbini pale Waikiki walikuwa wakisimama kwenye mbao zao wakiwa na kafi mkononi, ili wawaone vizuri wanafunzi wao. Miaka ya 2000 ilipoanza, wanamawimbi kama Laird Hamilton na Dave Kalama waliufufua, ukaenea duniani. Kwetu umekuja na mahoteli na shule za kaiti, ule mchezo wa ubao unaovutwa na tiara, na leo vijana wengi wa Watamu na Kilifi wanaufundisha vizuri sana. Mtoto wa Mida, hata hivyo, hashangai kumwona mtu amesimama juu ya maji. Amewaona wavuvi tangu utotoni, wamesimama tezini mwa mtumbwi, wanausukuma kwa upondo. Kabla ya kumweleza mtoto lolote kuhusu miguu na magoti, mimi humwambia akae ukingoni amtazame mvuvi mmoja anavyopita, na hasa aitazame miguu yake. Haikukakamaa. Mtumbwi ukiyumba, magoti yanayumba nao, na kichwa kinabaki pale pale.

Turudi kwenye mwezi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hupanda sana na hushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, tofauti inakuwa ndogo, na mkondo unapoa. Hilo kila mtoto wa mvuvi analijua. Ambalo wazazi wa bara hawalijui ni kwamba katika pwani hii saa nazo zina mpango wake. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ndiyo maana akina mama wa kuokota pweza na chaza utawaona mwambani asubuhi za bamvua. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, jua halijawa kali, upepo haujapanda, na mkondo ni mpole.

Ukitaka kumpeleka mtoto kwa mara ya kwanza, basi, chukua kalenda ya Kiislamu inayotundikwa kwenye duka lolote la mtaani, tafuta mwezi nane hadi kumi, au ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Ingieni majini kama saa moja kabla ya maji kujaa. Mtakuwa na maji yanayopanda polepole, yanayowarudisha ndani badala ya kuwatoa nje, kisha kile kipindi ambacho maji husimama kabla ya kugeuka. Yakigeuka, rudini. Kasi ya mkondo haiko sawa katika zile saa sita za kushuka. Mwanzo huenda polepole, saa ya tatu na ya nne ndizo zenye mbio, kisha hutulia tena. Mida ni bakuli kubwa lenye mlango mwembamba, kati ya Watamu na Uyombo, na maji yote yaliyoingia lazima yatoke pale pale. Asubuhi ya bamvua, mnamo saa mbili, pale mlangoni hata mtu mzima mwenye mikono ya kazi hapigi kafi akashinda. Na waliobaki ndani nao, saa mbili baadaye, hujikuta wamekwama kwenye tope, ubao kichwani na nusu kilomita ya kutembea.

Upepo ni somo la pili, na nadhani ndilo linalosahaulika zaidi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na katikati kuna maleleji, siku za upepo mwepesi ambazo kwa mtoto ni zawadi. Lakini hata ndani ya msimu, kila siku ina upepo wake. Upepo wa hatari kwa mtoto ni ule unaotoka bara kwenda baharini, si ule wenye kelele unaotoka baharini na kujaza ufukwe mawimbi. Upepo wa bara hudanganya. Ukisimama ufukweni, miti na nyumba zimekukinga mgongo, maji mbele yako ni shwari kabisa, unasema leo ndiyo leo. Mita 100 mbele, hakuna kinga tena. Ubao wa kujazwa upepo ni mwepesi, umelala juu ya maji wala hauna cha kuushika zaidi ya pezi dogo, na mtoto aliyesimama juu yake anageuka tanga. Mfundishe mtoto kurusha vumbi la mchanga mkavu aone linakokwenda. Likielekea baharini, siku hiyo anacheza mahali ambapo maji yanamfika kiunoni, au hachezi.

Binti wa kaka yangu alishika jambo hili haraka kuliko watu wazima niliowahi kuwafundisha. Jioni moja wageni wa familia walitaka kumchukua kwenye ubao nje ya mwamba. Alirusha mchanga wake, akanifuata jikoni. "Shangazi, upepo unatoka nyumbani. Niwaambieje bila kuwakosea adabu?" Nikamwambia awaambie hivyo hivyo alivyoniambia mimi. Hawakwenda. Bado hajaweza kusimama kwenye ubao kwa muda mrefu, lakini kwangu mimi tayari ni mtu wa kwenda naye majini.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Pwani yetu ina watoto wengi wanaokua wakisikia mawimbi usiku lakini hawajui kuelea. Tunawakataza. Tunawaambia bahari ina jini, bahari ilimchukua fulani, ukirudi na nywele mbichi utanijua. Wavulana hutoroka, wakajifunza kwa kuigana bila mtu mzima karibu. Wasichana hubaki. Siku chombo kikipata ajali, au mtoto akiteleza kwenye gati, katazo lile halimsaidii kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mzazi anayeogopa bahari ana sababu. Ombi langu kwake ni kwamba hofu hiyo imfanye amtafutie mtoto mwalimu.

Hapa ndipo ninapoupenda ubao huu kuliko michezo mingine ya majini. Kumtupa majini mtoto mwenye hofu ni ukatili, na wengi wetu tulifundishwa hivyo. Ubao unampa nafasi ya kukaa juu ya maji akiwa mkavu, kuyaona hadi chini, kutia mkono, kisha mguu, kwa wakati wake. Wengine hukaa mbele ya mzazi asubuhi nzima hawataki kingine. Waacheni. Nimeona mtoto aliyekuwa akilia kwa kuguswa tu na maji ya pwani akilala kifudifudi kwenye ubao, uso karibu na maji, akihesabu samaki, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kwa hiyo siku ya kwanza kafi hubaki mchangani. Mtoto anavaa jaketi la kuokoa maisha la uzito wake. Ninalishika mabegani na kulivuta juu: likipanda hadi masikioni, ni kubwa, linarudi sandukuni. Kwa mdogo, lile lenye mkanda unaopita katikati ya miguu ndilo bora. Akishavaa tunaingia mahali maji yanapomfika kifuani, analala chali, masikio ndani ya maji, anatazama mbingu. Wengi hupigana na maji dakika za mwanzo, kisha mwili unalegea wenyewe. Hapo ndipo ninapomletea ubao.

Tunaanza na kuanguka. Hili nalisisitiza sana kwa vijana wanaofundisha, maana wengi huanza na kusimama ili mzazi apate picha. Mtoto ambaye hajaanguka kwa hiari anasimama na hofu miguuni, na hofu ndiyo inayoutikisa ubao. Akae pembeni ajiachie. Apige magoti ajiachie. Aanguke mbali na ubao, kwa mgongo au kwa ubavu, mikono wazi, kamwe asitangulize kichwa, kwa sababu maji ya Mida yana mahali pafupi usipopategemea. Kisha apande: mkono mmoja ushike ule mkanda wa kubebea ulio katikati ya ubao, miguu ipige maji nyuma hadi ielee, ajivute kwa tumbo kama mamba anayepanda ukingo. Mtoto akiweza kuanguka na kupanda peke yake, mara kadhaa, akiwa anacheka, ameshapata sehemu kubwa ya mchezo. Na swali la umri linajijibu hapo: asiyeweza kujipandisha mwenyewe hajafikia kuwa na ubao wake, hata akiwa na miaka 12. Anakaa na mtu mzima. Wengi hufika hapo kati ya miaka 6 na 8, wengine mapema.

Baadaye ndipo magoti. Apige magoti katikati, palipo na ule mkanda, na apewe kafi. Kafi la mtoto lizidi urefu wake kwa shubiri moja tu, na kama huna la kurekebishwa usimpe la mtu mzima, litamchosha mabega. Mkono mmoja juu kabisa ya mpini, mwingine chini. Ubapa wa kafi umekunjwa kidogo, na mkunjo huo unaelekea mbele. Karibu kila anayeanza huugeuza nyuma, kwa kuwa macho yanadhani ubapa unatakiwa uchote kama kijiko. Acha apige magoti muda anaotaka. Kupiga kafi kwa magoti si ngazi ya chini, ni njia halali ya kwenda, na ndiyo wanayorudia hata waliobobea upepo ukiwashika.

Kusimama huja haraka kuliko wazazi wanavyodhani. Mikono chini kwenye ubao, mguu mmoja mahali goti lilipokuwa, kisha mwingine, nyayo sambamba, upana wa mabega. Ainuke, magoti yamelegea, atazame mikoko ya ng'ambo badala ya vidole vyake. Na aanze kupiga kafi pale pale. Ubao unaokwenda hutulia, uliosimama huyumba. Watoto wengi huanguka kwa sababu wakishasimama hushangilia na kusahau kafi.

Vifaa niviseme kwa ufupi, isipokuwa kimoja. Ubao wa kujazwa upepo utiwe presha ya kutosha, kwa kawaida kati ya PSI 12 na 15 kwenye geji, fuata ulichoandikiwa. Ukilegea unapinda katikati, na hakuna mtoto atakayesimama juu yake. Usiuache juani umejaa, hewa hupanuka na gundi huachia. Kile kimoja ni kamba inayomfunga mtu na ubao wake. Kwenye maji yaliyotulia kamba ya mguuni inafaa, maana ubao ndio chombo chako cha kuelea na upepo ukiuchukua hutaufikia kwa kuogelea. Kwenye maji yanayotembea kamba ya mguuni inaweza kuua. Ikinasa kwenye mzizi wa mkoko au kwenye kamba ya nanga, mkondo unakulaza chini na mkono haufiki mguuni. Oktoba 2021 kundi la watu wazima liliingia na mbao hizi katika mto uliofura kwa mvua huko Haverfordwest, Wales. Walifika kwenye ukuta wa kuzuia maji, na watu 4 wakapoteza maisha. Ushauri unaotolewa Uingereza kwa maji yanayotembea ni mkanda wa kiunoni unaofunguka kwa kuvutwa mara moja. Kwa Mida, ambako mkondo hauko mbali kamwe, natumia huo kwa watoto wanaokwenda peke yao, nao huuvuta na kuufungua ufukweni mara nyingi, hata macho yakiwa yamefumbwa, kabla ya kuingia. Mtoto anayekaa na mzazi kwenye ubao mmoja hafungwi. Mzazi ndiye anayefungwa.

Mavazi ni jambo ambalo linawazuia wasichana wengi bure. Leso na dera majini ni hatari, hunywa maji na kuzonga miguu. Suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa chepesi, na kilemba kidogo kilichofungwa nyuma, humsitiri msichana, humkinga na jua na hakimzuii kuogelea. Kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana na kina mama kuelea na kuogelea wakiwa wamejisitiri kabisa, na wengine wao wamekuja kuwa walimu. Sioni sababu ya Dabaso au Gede, hapa jirani na Mida, kushindwa. Baba akija kwangu na wasiwasi wa heshima ya binti yake, namkaribisha akae ukingoni aone mwenyewe. Wapo waliovua viatu na kuingia.

Na viatu, kwa watoto wote, lazima. Mizizi ya mikoko imejaa chaza walioganda, wanakata kama wembe. Mchangani hujifukia taa mwenye mwiba mkiani. Sandaki za plastiki zinatosha, na mtoto afundishwe kuburuta nyayo badala ya kunyanyua, taa asikie na aondoke.

Yote haya ni maandalizi ya saa moja ambayo watoto wanaijia hasa. Maji yakijaa, mikoko ya Mida husimama majani yake yakigusa maji, na ubao hupita mahali ambapo hata mtumbwi haupiti, katikati ya miti. Hauna injini, hauna kelele. Watoto hunyamaza wenyewe. Wanaona kaa wakipanda mashina kukwepa maji. Wanaona samaki wadogo wakijificha kwenye mizizi, na wanaelewa, bila hotuba, kwa nini wazee wa hapa hukasirika mtu akikata mikoko ovyo. Wanaokota zile mbegu ndefu za mkoko zinazoelea, wanazirundika mbele ya ubao, na tukifika mahali pa tope laini wanazichomeka moja moja. Nyingine hushika. Kuanzia Septemba hivi huja ndege wa mbali, kutoka Ulaya na Asia, wanaokimbia baridi. Eneo hili ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo tunawapita kwa mbali. Mtoto aliyesimama juu ya ubao ana macho marefu, anawaona kabla yangu.

Ubao wenyewe ni ghali, siwezi kulificha. Lakini mtoto hahitaji ubao wake. Ubao mmoja mkubwa unawatosha watoto wanne wanaopokezana, wawili wakiwa majini wamevaa majaketi, mmoja juu, mmoja ufukweni akitazama upepo kwa niaba ya wenzake. Huyo wa ufukweni anajifunza kama wengine. Ningependa sana kuona shule za karibu na Mida zikiwa na ubao mmoja na majaketi kumi, na mvuvi mmoja mzee analipwa kuwasomesha saa za maji. Angewafaa kuliko mwalimu yeyote mgeni.

Hadi hapo, ukija na mtoto na unakodi, mfuate kijana mwenye mbao na uongee naye kabla ya kuongea bei. Ana jaketi la saizi ya mtoto wako, na atakubali ulishike mabegani ulivute? Maji yanajaa saa ngapi leo? Upepo unatoka wapi? Mtoto akiwa juu ya ubao yeye atakuwa wapi, ndani ya maji kando yake au kivulini? Wengi watakujibu vizuri na watafurahi umeuliza. Asiye na jaketi la mtoto, mshukuru, umpitie mwingine.